Nywele za Tabea

Jiwe la kwanza lilimpata Hezekia mchanja ndui kwenye paji la uso kabla hajamaliza salamu ya "Kamwene." La pili likavunja taa ya baiskeli. La tatu hakuliona, maana wakati huo alikuwa amelala mtaroni miguu juu, baiskeli imemkalia kifuani kama mke mwenye hasira.

Kule Njombe bomani Hezekia alikuwa mtu wa kucheka naye. Maneno yake yalikuwa mengi kuliko sindano zake. Alikwisha kuapa mbele ya karani na mpishi kwamba huko Lupembe alimchanja chui aliyelala, na chui akageuka mwenyewe akatoa na mguu wa pili. Lakini asubuhi ile ya masika, mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla, hapakuwa na wa kumchekesha. Habari zilifika bomani kwamba kijiji kimoja cha upande wa Mahongole, nje kidogo ya Makambako, kilikuwa kikizika kila siku. Bwana mganga alimwambia Hezekia maneno machache tu: "Nenda. Tafuta ilikotoka." Ndui haioti kama uyoga. Kuna mtu huileta, na usipomjua aliyeileta hutajua inaelekea kwa nani.

Aliinuka waliomrushia walipokimbilia kijijini, akafuta damu iliyokuwa ikimwingia jichoni, akashika kisanduku chake cha bati. Ndani yake vijibomba vya dawa vilikuwa vimelazwa kwenye kitambaa kilicholowa. Ndipo aliposikia kelele. Hazikuwa za msiba, kwa kuwa kilio cha msiba kina mwenye kukiongoza. Hizi kila mtu alipiga zake.

Katika uwanja wa katikati ya kijiji nyumba moja ilikuwa ikiwaka, paa limekwisha kudondoka ndani. Karibu na zizi mwanamume alikuwa ameketi chini akitetemeka, mkono wake wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo. Huyo alikuwa Gideoni, mwenye nyumba. Mke wake, Tabea, alikuwa akiburutwa kwa nywele kuelekea kwenye moto.

Aliyemburuta aliitwa Dionis. Uso wake ulijaa mashimo ya ndui ya zamani, aliyoiugua utotoni akapona. Nguvu zake zilisimuliwa mpaka Lupembe: ilisemwa plau ilipomnasia kwenye kisiki, alivuta akang'oa plau, kisiki, na ng'ombe wote wawili wakarudi kinyumenyume. Siku hiyo alivaa koti zito jeusi la vifungo vya shaba, na katika mkono wa pili alishika mundu.

"Mwache!" Hezekia alipiga kelele akijipenyeza kwenye kundi.

Dionis hakumjibu kwa mdomo. Ngumi yake ilitua, na meno mawili ya Hezekia yakatoka. Moja alilimeza, la pili akalitema kiganjani.

"Ndugu yangu," alisema akiliangalia, damu zinamchuruzika, "hili ni jino la serikali. Nitaliandikiaje barua?"

Mtu mmoja nyuma akacheka bila kutaka, na kicheko kile kikampa Tabea pumzi tano za kuishi. Jumbe Methusela akajitokeza mbele, mzee mwembamba wa kanzu na tarbushi nyekundu, kiboko mkononi. Hezekia alimfahamu, na alipomwona moyo wake ukateleza kidogo.

"Bwana Chanjo, haya ni mambo ya nyumbani," jumbe alisema kwa upole. "Rudi zako. Kesho utakuta kumetulia."

"Kutatuliaje?"

Dionis ndiye aliyejibu. "Jumatatu nimemzika mwanangu Linus. Jumatano nimemzika ndugu yake Silvesta. Nyumba tisa zinalia, na huyu hajazika hata kuku! Siku ya kumaliza matanga ya Anania, mwana wa jumbe, wote tulinyoa. Yeye akakataa. Akapewa fulana ya marehemu amvalishe mumewe, akaisukuma mbele ya watu. Nani anakataa nguo ya maiti, kama si yule aliyemla?"

"Mimi ni mtoto wa mwinjilisti!" Tabea alisema toka chini, shingo imepinda. "Nimelelewa misheni ya Ilembula. Baba yangu alinikataza kunyoa matanga, basi! Mtaniua kwa ajili ya nywele, Dionis? Linus alikuwa akila ugali kwangu!"

"Usimtaje!" Dionis alimpiga teke la ubavu, nalo likasikika.

Hezekia alitazama mkono ule uliojaa nywele. Kisha akatazama watu. Katika uwanja mzima hapakuwa na kichwa kingine ambacho Dionis angeweza kukishika hivyo. Wake kwa waume, wote walikuwa na nywele changa, urefu mmoja, kama shamba la ulezi lililochipua siku moja.

Mazoea ya kujigamba yalimtangulia hata kabla ya akili. "Nipeni mpaka ng'ombe warudi zizini," alisema. "Nitawaonyesha aliyeileta ndui hii. Nikishindwa, nitieni motoni pamoja naye."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe alitamani kuyameza kama lile jino.

"Sawa," Dionis alisema. "Ng'ombe wakiingia, nawakata wote wawili. Wewe kwanza, maana una kelele."

Jumbe alifungua mdomo kukataa, lakini watu walikwisha kuitikia. Wakamfunga Tabea kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya zizi, uso wake ukielekea nyumba yake inayoungua.

Hezekia alianza kazi akiwa na jicho moja, la pili limevimba. Nyumba ya kwanza alipigwa mchi begani na bibi aliyedhani anataka kumchukua mjukuu wake. Nyumba ya pili walimwagia maji ya kunde. Hakurudi nyuma. Aliinama kwenye kila kitanda cha miti, akaona aliyoyaogopa: malengelenge yamejaa usoni, viganjani na kwenye nyayo, mengine yamepasuka yakaungana mpaka ngozi ya mtoto inabaki kwenye mkeka akigeuzwa. Tetekuwanga haifiki kwenye nyayo. Hii ilikuwa ndui yenyewe.

Kwa kila mgonjwa alitoa njiti ya kiberiti akaisimamisha kando ya unywele. Kote nywele zilifika mahali pamoja, juu kidogo ya kichwa cha njiti. Watu walimtazama wakinong'ona kwamba bwana huyu jiwe lilimwingia ubongoni, anapima nywele za watu wanaokufa.

Katika nyumba iliyo ukingoni alimkuta ajuza Juliana akichambua maharagwe, mzima, nywele zake nyeupe zimesimama kama pamba.

"Wewe bibi hukunyoa?"

"Ningenyolewa na nani, mjukuu wangu? Siku ya matanga nilikuwa naumwa mguu. Nilibaki hapa na mbuzi." Akashusha sauti. "Mbona unaniuliza nywele? Nami mtanifunga kwenye nguzo?"

"Hapana, bibi. Wewe umeniponya: hukufika matangani, na hukuugua."

Nyumba ya nane alikuta wagonjwa watatu chini ya blanketi moja jekundu.

"Blanketi hili jipya mmelipata wapi?"

"La marehemu Anania," mama wa watoto alisema. "Tuligawiwa siku ya kunyoa. Alikuja nalo kutoka mashamba ya mkonge, Tanga. Alikuwa manamba huko."

"Mlilifua?"

Mama alimtazama kama aliyetukanwa. "Nguo ya marehemu inafuliwa? Unavaa palepale, jua halijazama, na jasho lake. Ukilifua umemfukuza. Atarudi kuuliza kwa nini ana baridi."

Hezekia akarudi nyumba zote, mbio, akichechemea. Shati la Anania lilikuwa nyumba ya pili, limegeuzwa gauni la mtoto. Suruali nyumba ya tano. Shuka nyumba ya sita, limechanwa vipande viwili, na kipande cha pili nyumba ya tatu. Kila mahali palipoingia kitambaa palikuwa na mgonjwa, na wagonjwa waliobaki walikuwa wamelala msibani siku nne wakibanana kwenye nguo hizohizo. Mwanamke mmoja tu aliikataa nguo akarudi kulala kwake.

Ilibaki nyumba ya jumbe.

Methusela alikuwa amesimama mlangoni akimngoja. "Kwangu hakuna mgonjwa."

"Mama Anania yuko wapi? Sijamwona uwanjani."

"Yunisi amekwenda kwa dada yake kupumzisha msiba."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kihenge kikubwa cha mahindi, mlango wake umefungwa kwa mti. Ndani yake mtu akakohoa. Hezekia aligeuza shingo, na kiboko kikamshukia mgongoni, mara moja, mara mbili, mara tano, shati likachanika pamoja na ngozi. Alianguka kwa magoti. Jumbe alimwinamia kama anayemsaidia kuinuka.

"Sikiliza, Bwana Chanjo. Mwaka jana uliletwa kuchanja kijiji hiki. Hukufika. Ulikaa kilabuni Makambako siku mbili unakunywa ulanzi wangu, ukaandika bomani kwamba wamechanjwa wote, mia mbili na kumi na wawili. Hesabu nilikupa mimi na saini ulitia wewe. Mwanangu akijulikana amekufa kwa ndui, mimi naanguka. Nikianguka mimi, wewe unabaki umesimama wapi? Mwanamke yule hana kosa, najua. Lakini ni mmoja tu."

Hezekia alishika ukuta akainuka. Ulanzi ule aliukumbuka vizuri. Ulikuwa mtamu, na mvua ilikuwa kubwa, na njia ya Mahongole ilikuwa tope tupu. Kuandika kulikuwa rahisi kuliko kutembea. Alikuwa hata ameufanyia hadithi: namna alivyochanja watu mia mbili kabla ya chai. Karani alicheka mpaka akalia.

Kengele za ng'ombe zilisikika bondeni.

Uwanjani Dionis alikuwa akinoa mundu kwenye jiwe. Moto wa nyumba ulikuwa umekuwa makaa mekundu. Tabea aliinua kichwa, midomo imepasuka.

"Umempata?" aliuliza.

Hezekia alimwangalia mwanamke yule, akaangalia njia ya Makambako iliyokuwa wazi, na baiskeli yake bado mtaroni. Ng'ombe wa kwanza akaingia zizini.

"Dionis," alisema, "kabla hujanikata, vua koti hilo unipe."

"Unataka kufa umevaa vizuri?"

"Nataka unieleze mwenyewe. Anania alikufaje?"

"Kila mtu anajua. Lori lilimpanda pale njia panda Makambako, likamsaga kifua. Jumbe alimleta amefungwa ndani ya gunia la katani. Hatukufunuliwa, alikuwa vibaya."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Koti hili. Jumbe alisema alivuliwa palepale barabarani, nami nikagawiwa siku ya kunyoa."

"Basi lihesabu vifungo," Hezekia alisema. "Lori limsage mtu kifua, na kifungo kisivunjike hata kimoja? Damu iko wapi? Mchaniko uko wapi?"

Dionis alijishika kifuani, kifungo baada ya kifungo, polepole. Vilikuwa sita na vyote vilikuwapo. Akalivua. Hezekia aliuchukua mundu kutoka mkononi mwake kama mtu anayeazima kijiko, akapasua bitana ya ukosi, akaikung'uta kwenye kiganja. Vikadondoka vigamba vikavu, vyeusi, vyepesi.

"Pumba za ulezi hizo," mtu alisema.

"Dionis, wewe umezika juzi. Umewaosha kwa mikono yako. Hizi ni pumba?"

Dionis aliviangalia. Uso wake wa mashimo ulianza kutetemeka toka kidevuni.

"Wewe hukuugua kwa kuwa uliugua zamani, na ndui hairudii mtu. Lakini kuna baridi usiku. Linus na Silvesta uliwafunika nini?"

Yule mtu mkubwa alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno wala kilio. Hata ng'ombe walirudi nyuma.

"Uongo wa bomani!" Jumbe Methusela alirusha kiboko, nacho kikajizungusha shingoni mwa Hezekia. Akavuta kwa mikono miwili, akirudi nyuma, akimburuta mchanja ndui huku ulimi unamtoka. Alirudi, akarudi, mpaka mgongo wake ukagusa nguzo ya zizi. Hapo alikosea. Tabea alikuwa amefungwa mikono na miguu, lakini kinywa hakikufungwa. Aliuma sikio la jumbe kama mtu anayevunja muwa. Tarbushi ikaanguka, jumbe akalia kama mbuzi, kiboko kikalegea. Sikio lile, wanasema, liliokotwa na kuku, naye akafukuzwa na watoto hadi Makambako. Lakini nusu yake ilibaki kichwani, hilo halina ubishi.

"Kihenge!" Hezekia alikoroma. "Kihenge cha jumbe!"

Dionis alikwenda. Hakufungua mlango. Alikumbatia kihenge chote akakilaza ubavuni, mahindi yakamwagika kama mvua ya mawe, na katikati ya mahindi akatambaa Yunisi, mke wa jumbe, amejifunika kaniki. Alipoifunua, wanawake walipiga ukemi. Hapakuwa na sehemu ya uso isiyo na malengelenge. Watu wawili wakamshika mabega, kisha wakamwachia kwa hofu, naye akasimama peke yake.

"Lori gani?" alisema. Sauti ilikwaruza. "Mwanangu alikuja kwa miguu yake, ana homa. Alioza akiwa hai mikononi mwangu siku tisa. Nikasema, baba Anania, tumpeleke Ilembula. Akanipiga mpaka nikakojoa damu. Akasema akijulikana ana ndui, bomani watauliza mbona iliandikwa mmechanjwa wote." Akamtazama mumewe pale chini. "Hata kumlilia mtoto wangu jina la ugonjwa wake sikuruhusiwa."

Waliokuwa na mawe waliyaokota tena, na sasa yalimwelekea jumbe. Jiwe moja lilimpasua mdomo, jingine goti. Dionis aliuchukua mundu wake. Akaukanyaga mkono wa kulia wa jumbe, ule wa kiboko, akaukanyaga tena, mpaka ukavunjika kama kuni kavu.

"Sasa shingo," alisema.

"Ngoja!" Hezekia alijitupa katikati. "Kuna lingine, nalo ni langu. Aliyeandika kwamba mmechanjwa ni mimi. Nilikuwa Makambako nakunywa ulanzi wake. Sikufika hapa. Kama ningefika, Linus na Silvesta wangekuwa wanarudisha hawa ng'ombe."

Hakuwahi kusema sentensi fupi hivyo maishani mwake, wala isiyo na chui ndani.

Dionis akaweka mundu chini na kumpiga ngumi. Jino la tatu likatoka, na taya likahama mahali. Hezekia alilala chali akiangalia wingu la Makambako. Alingoja mundu, haukuja. Alipogeuza kichwa alimwona Dionis amepiga magoti kando ya makaa ya nyumba ya Tabea, akilisukuma koti ndani ya moto kwa mikono mitupu, na nywele za mikono yake zikiungua.

Mtu alimkata Tabea kamba. Akasimama, akajishika ubavu, akaja mpaka alipolala Hezekia. Akamwinua kwa mkono mmoja, akamchapa kofi kwa mkono wa pili.

"Hilo ni la mume wangu na mkono wake," alisema. "La nyumba nitakupa ukipona. Dawa yako iko wapi?"

"Kwenye kisanduku," Hezekia alijibu, meno machache yakipiga miluzi.

"Wangapi bado hawajaugua?"

"Sijui. Leo nitawahesabu."

Tabea akapandisha mkono wa gauni lake lililochanika. Begani palikuwa na kovu la mviringo, kubwa kama senti. "Mlishangaa kwa nini siugui," aliwaambia watu, bila kupaza sauti. "Hili hapa. Nilichanjwa Ilembula nikiwa na miaka sita. Mngeniuliza kabla ya kuchoma nyumba, ningewaonyesha."

Watu wakatazama chini. Halafu mwanamke wa blanketi jekundu akasogea, akaugusa mkono ule kwa kidole.

"Inauma?"

"Kidogo. Haiumi kama teke la Dionis."

Nguo zote za Anania zilirundikwa makaani, pamoja na blanketi. Jua lilikuwa bado lina urefu wa mkuki mmoja. Hezekia alikaa juu ya kinu, akafungua vijibomba vyake. Watu walisitasita. Walikwisha kusikia kwamba dawa ile ni usaha wa ndama na kwamba ukichanjwa utaota pembe.

"Wa kwanza nani?" aliuliza.

Dionis, viganja vimebabuka, alimwinua jumbe kutoka mavumbini kwa ukosi wa kanzu, akamtua mbele ya kinu.

"Huyu. Akiota pembe tutaona."

"Mkono wa kulia hauna kazi tena," Hezekia alisema akimkagua. "Nishikie wa kushoto."

Tabea ndiye aliyeushika. Aliukamata kwa nguvu zote za mwanamke aliyechomewa nyumba, na sindano ilipoingia jumbe alijaribu kuuvuta, asiweze. Alipomaliza, mzee yule aliinama kuulamba mkono ili aitoe dawa. Tabea akamshika kichwa kwa kile kilichobaki cha sikio, akakirudisha nyuma.

"Acha ikauke, baba," alimwambia.

Nyuma yao watu walianza kupanga mstari. Hezekia aliwataka wahesabu kwa sauti kila mmoja anapopita, nao wakahesabu. Walifika mia na themanini na saba, si mia mbili na kumi na wawili.